Nani wa nani? Maneno ya Kiingereza yanayofunga watu na mambo



Mimi ni mama wa miaka 73. Nilizaliwa Unguja, nikasomeshwa na masista wa Kizungu katika skuli ya misheni, ingawa kwetu ni Waislamu. Siku zile halikuwa jambo la ajabu. Benchi moja tulikaa Waarabu, Waswahili, Wahindi na Magoa, na sista mmoja mwenye rula alitufundisha sote kwamba sentensi ya Kiingereza haisimami bila ya yale maneno madogo ya katikati. Nilipofika Maskati mwaka 1976 sikuweza kusoma gazeti la Kiarabu. Nilichokijua ni kupiga taipu na kuandika barua ya Kiingereza, na hicho ndicho kilichonipatia kazi ya ukarani katika afisi ya mizigo Matrah. Nikaifanya mpaka nilipostaafu. Kwa hiyo ninayoyaandika hapa nimeyaokota mezani, mengine kwa kuharibu kazi nikasemwa.

Kilichonifanya nishike kalamu ni jambo la mwaka juzi. Binti wa marehemu dada yangu aliumwa maradhi makubwa, akapelekwa kutibiwa nchi ya nje ambako fomu zao zote ni za Kiingereza. Hakuwa na mume wala mtoto wa kumfuata. Ikakubaliwa katika ukoo kwamba atakwenda kumuuguza mdogo wake, binti wa dada yangu wa pili. Hawa wawili wamelelewa nyumba moja, kitanda kimoja, kanga wakigawana. Basi yule mdogo akajaza fomu ya viza. Palikuwa na kisanduku kimeandikwa "Relationship", maana yake, huyu mgonjwa ni nani kwako? Akaandika "Sister". Akaambatisha na vyeti vya kuzaliwa, kama walivyotaka.

Barua ikarudi kwamba uhusiano uliotajwa hauthibitishwi na vyeti. Baba mbali, mama mbali, vipi mtakuwa "sister"? Ikabidi aanze upya, na wakati anaanza upya, mwenziwe alipasuliwa peke yake, hana mtu wa kwao wa kumshika mkono.

Alikuja kwangu analia. "Mama mdogo, wameniona mwongo." Nikamwambia hukusema uongo, mwanangu. Umesema kweli kwa Kiswahili, ukaiandika kwa Kiingereza.

Hapo ndipo penye shida yetu wengi. Kwetu mtoto wa mama mdogo ni ndugu. Ni dada, ni kaka, na ukimwita jina jingine mbele ya wazee utaulizwa kama mmegombana. Kiingereza cha leo kinamtupa huyo katika kapu moja linaloitwa "cousin", pamoja na mtoto wa ami, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi. "Uncle" ni ami na mjomba kwa pamoja. "Aunt" ni shangazi, ni mama mkubwa, ni mama mdogo, na hata mke wa ami yumo humo humo.

Zamani haikuwa hivyo. Nina kamusi kubwa ya Kiingereza, zawadi ya mwanangu, na tangu nimestaafu naisoma kama wengine wanavyosoma riwaya. Waingereza wa kale walikuwa na neno lao la ami na neno jingine la mjomba, la shangazi mbali na la mama mdogo. Kisha Wanormandi wakaiteka nchi mwaka 1066, Kifaransa kikawa lugha ya wakubwa, na pole pole yale maneno ya zamani yakafa. La kushangaza ni kwamba haya yaliyokuja, ukiyafuata mpaka Kilatini, nayo yalikuwa yanachagua. "Uncle" limetoka katika neno la Kilatini la ndugu wa mama, yaani mjomba hasa. "Aunt" limetoka katika neno la dada wa baba, yaani shangazi. Na "cousin", walikuwa wakiitwa hivyo kwanza watoto wa dada wawili. Ndio hawa mabinti zetu wenyewe! Lakini neno likizunguka sana linapoteza meno. Sisi wenyewe tumefanya hivyo hivyo kwa "binamu", ambalo kwa Kiarabu ni mtoto wa ami tu, na leo vijana wanamwita binamu hata mtoto wa shangazi.

Sasa mtu mwenye fomu afanye nini? Kiingereza hakikosi njia, ila kinataka uongeze neno. Wa kuumeni ni "paternal", wa kuukeni ni "maternal". Mjomba ataandikwa "maternal uncle", ami "paternal uncle". Watoto wa ndugu wawili wanaitwa "first cousins". Watoto wa hao wanaitwana "second cousins", kwa sababu wanakutana kwa babu au bibi aliyezaa wazazi wa wazazi wao. Na kama mmoja yuko ngazi moja chini ya mwenziwe, kama vile mtoto wa binamu yangu kwangu mimi, husemwa "first cousin once removed". Wengi wanaona "removed" wanadhani mtu amefukuzwa katika ukoo. Hakufukuzwa, ameshuka kizazi kimoja tu. Na neno hilo hilo hutumika kwa kupanda pia, kwa binamu wa mama yako.

Ndugu wa baba mmoja na mama mbali, ambao katika majumba yetu ni wengi, ni "half-brother" na "half-sister". Kuna watu wanaliona neno "half" ni tusi, kama kusema nusu mtu, wakaliacha. Mwenye fomu haoni tusi, anaona majina mawili ya mama yasiyolingana. Liandike. Watoto wa kambo ni "step-children", na hili "step" si hatua ya mguu. Ni neno la kale la kufiwa, mtoto wa namna hiyo mwanzo alikuwa ni yatima tu.

Upande wa ndoa ndipo Kiingereza kinapotia huruma. Shemegi, wifi, mkwe, mavyaa, bavyaa, wote hao kwao ni mkia mmoja tu, "in-law". Mtoto wangu mmoja aliniuliza, ni sheria gani hiyo? Ni sheria ya kanisa, iliyopanga nani haoleki na nani baada ya ndoa kufungwa. Dada wa mkeo kwa sheria hiyo alihesabiwa kama dadako, basi akaitwa dada wa sheria. Katika karatasi za mahakama na za mirathi utakutana na maneno mawili mazito zaidi, "consanguinity" na "affinity". La kwanza ni damu moja. La pili ni la ndoa, na asili yake ni mpaka, yaani watu wawili ambao mashamba yao yamepakana. Mimi hilo nalipenda. Watu waliooleana ni kama wenye mashamba yaliyopakana kweli, na wanagombana kama wao.

Ndugu wa kunyonya ni mlango mwingine. Katika dini yetu ziwa linafanya undugu na linaharimisha ndoa. Kiingereza cha kila siku hakina jina lake, na fomu za nchi hizo hazina kisanduku chake. Usiandike "brother". Eleza kwa sentensi nzima katika barua ya kuambatisha, kwamba mlinyonyeshwa na mwanamke mmoja na kwamba kwa sheria ya Kiislamu mnahesabiwa ndugu, na usitegemee kwamba hilo peke yake litatosha.

Nimekaa sana kwenye watu. Maneno haya yanafunga na vitu pia, na huko ndiko nilikokula mshahara.

Chukua "bin" na "bint" zetu. Katika makaratasi ya serikali ya kikoloni kule Afrika Mashariki makarani walikuwa wakiandika "s/o" na "d/o", yaani mtoto wa kiume wa fulani, mtoto wa kike wa fulani, na mke akaandikiwa "w/o". Kama una cheti cha babu yako cha zamani, tazama, utaiona. Waingereza nao walikuwa na "bin" yao, ila wameigandisha ndani ya jina. Johnson ni mtoto wa John, na Mac ya Waskoti ni hivyo hivyo. Halafu kuna "c/o", ambayo watu wengi waliisoma kama kampuni. Barua zetu Unguja zilikuwa zikija kwa sanduku la posta la mwenye duka, na juu yake "c/o" na jina lake, maana yake ipitie mikononi mwa huyu, yeye ataiangalia. Mama yangu mpaka anakufa aliamini yule Mhindi ana kampuni kubwa.

Kile kineno "of" kinalingana na "-a" yetu, ya "wa", "ya", "la", "cha". Hakilingani sawasawa, lakini. Ukisema "picha ya baba" kwa Kiswahili, hatujui kama baba ndiye aliyepigwa au ni picha iliyo mali yake. Kiingereza kinaweza kutenga, "a photograph of my father" ni sura yake, "my father's photograph" inaweza kuwa ni picha ya meli aliyoitundika ukutani.

Lakini kuna mahali Kiswahili kinamshinda Mwingereza, na mimi nililipia somo hili. Mwaka wangu wa pili pale Matrah niliandika teleksi kwa watu wa bima kuhusu "the consignment in the store which was damaged". Wakajibu kwa kuuliza, kilichoharibika ni mzigo au stoo? Nilishangaa wanauliza nini. Mimi kichwani nilikuwa nimefikiri kwa Kiswahili, mzigo uliomo ndani ya stoo ulioharibika. Hiyo "u" ya "ulioharibika" inakwenda moja kwa moja kuushika mzigo. Ingekuwa ni stoo ningesema "iliyoharibika". Ngeli zetu, ambazo wageni wanazilalamikia, ni kamba. Kila neno linatembea na kamba yake na unajua limefungwa wapi. Kiingereza hakina kamba hiyo, kinategemea nani amekaa karibu na nani. "Which" inamshika jirani yake, na jirani yake pale alikuwa ni "store".

Bwana mkubwa wa afisi, Mhindi wa Bombay, mtu mkali lakini mwalimu, alichukua karatasi yangu akaikata neno "damaged" akalipeleka mbele, likawa "the damaged consignment in the store". Akasema, mama, neno likae ubavuni mwa bwana wake. Siku hiyo fidia ya mteja ilichelewa na mimi niliwekwa mpaka magharibi kuandika barua upya. Kweli, hata Kiswahili kinakwama vitu viwili vikiwa vya ngeli moja. Ukisema "meza ya nyumba iliyoungua", sijui unaniambia nini.

Tofauti nyingine kubwa iko katika vitenzi. Sisi uhusiano tunauingiza ndani ya tumbo la kitenzi. Andika, andikia, andikiana. Hama, hamia. Lia, lilia. Herufi moja imeshasema nani anamfanyia nani. Kiingereza kitenzi chake kinakaa kama kilivyo, na nje yake wanasimama watumishi, "to", "for", "from", "with", "at". Ndiyo maana mtoto wetu anasema "explain me", kwa sababu "nieleze" ni neno moja lenye kila kitu ndani. Aseme "explain to me". Kisha akishazoea kuwaweka hao watumishi, anawaweka hata wasikotakiwa. "Discuss about" si sawa, "discuss" inajitosheleza. "Contact with him" si sawa, ni "contact him". Na mtu hawi "married with" mkewe kama alivyokaa naye mezani, ni "married to". Na "na" yetu pia inatuponza. "Nina gari" ni kama kusema niko pamoja na gari, basi utamsikia mtu anasema "I am with a car". Mwingereza atafahamu, ila atatabasamu.

Wakati nao una maneno yake. Zamani barua zetu zilijaa "inst." na "ult.", barua yako ya tarehe 5 ya mwezi huu, au ya mwezi uliopita. Siku hizi hakuna anayeyataka, na ni kheri. Lililobaki na kuumiza watu ni "by" na "until". Sisi tunasema "mpaka Alhamisi" kwa yote mawili. "Pay by Thursday" ni kwamba Alhamisi isipite hujalipa, hata leo unaweza. "Until Thursday" ni kwamba jambo linaendelea, halafu Alhamisi linakoma. Ukimwandikia mteja "you can collect the goods by Thursday" na stoo iko wazi mpaka Jumamosi, utamwona anakuja mbio bure. Mimi nimewakimbiza watu namna hiyo.

Sasa nije kwenye maneno mawili ambayo ningetaka kila nyumba yenye kijana anayetafuta kazi iyajue. Nayo ni "subject to".

Mtoto wa kaka yangu alipata barua kutoka kampuni moja ya nchi jirani hapa hapa Ghuba. Inaanza kwa furaha, tunayo furaha kukupa kazi, mshahara huu, nyumba hii. Mstari wa nne umeandikwa "subject to" na baada yake mambo mawili, kupasi uchunguzi wa afya na kupata kibali cha usalama. Kijana akaona mshahara. Akaandika barua ya kuacha kazi aliyokuwa nayo, akauza gari, mkewe akawatoa watoto skuli. Afya akapasi. Kibali hakikuja, na sababu hakuambiwa. Alikaa miezi sita bila ya mshahara, na wala hakuwa na pa kushitakia, kwa sababu barua haikumwahidi kazi. Ilimwahidi kazi iliyolala chini ya masharti mawili.

Na hiyo ndiyo maana yake hasa. "Subject" ni kilichotupwa chini. Kitu kilicho "subject to" kingine kiko chini ya kile, na kile kikikataa, hiki hakipo. Ndugu zake ni "provided that", yaani ikiwa tu. "Unless", yaani ila ikiwa. Na "pending", yaani wakati tunangoja. Ukikutana na moja kati ya hayo katika barua ya kazi, ya nyumba au ya benki, weka kidole hapo, soma kinachofuata mara mbili, halafu ndiyo urudi kusoma mshahara. Kazi ya zamani usiiache mpaka upate karatasi ya pili inayosema masharti yametimia.

Magazeti na simu zetu zina maneno yao pia. Mtu akitajwa kwamba anatafutwa "in connection with" wizi fulani, haijasemwa kwamba ameiba. Imesemwa tu kwamba kuna uzi baina yake na jambo hilo. Pengine ni shahidi. Nimeona jina la mtu wetu likizungushwa kwenye WhatsApp kwa tafsiri ya "aliyeiba", na mke wake akaacha kwenda harusini. Hali kadhalika habari za afya. "Linked to" na "associated with" maana yake vitu viwili vimeonekana pamoja. Siku za joto kali hapa Maskati wauza juisi wanauza sana, na wanaozimia juani wanakuwa wengi. Mtu anaweza kuandika kwamba juisi ni "associated with" kuzimia na asiwe mwongo, lakini hakuna aliyezimishwa na juisi. Daktari akitaka kusema kimoja kimeleta kingine atasema "causes". Kabla hujaacha dawa yako ya presha kwa ajili ya ujumbe uliotumiwa usiku, tazama ni neno gani lililotumika, kisha muulize daktari.

Nikiwa hapa niseme kidogo juu ya "relationship" lenyewe. Sisi tunalitafsiri "uhusiano" na tunalitumia kwa kila kitu. Msichana mmoja aliyekuwa chini yangu aliandika katika barua ya kuomba kupandishwa daraja kwamba ana "a good relationship" na wenzake, na hiyo ni sawa. Kisha mstari wa chini akaandika kwamba yeye na meneja wako "in a relationship". Alikusudia kwamba wanafanya kazi vizuri. Nilimrudishia karatasi kimya kimya kabla haijafika juu, maana kwa Kiingereza amesema ni wapenzi. "Working relationship" ndiyo aliyoitaka. Na mtu akikwambia fulani ana "connections", hazungumzii ukoo wala ndege za kubadilisha. Hiyo ni ile "wasta" ambayo hapa Ghuba hatuhitaji kuelezwa na mtu.

Ukiyafungua maneno haya utaona lugha zote zimefikiri kitu kimoja. "Connect" asili yake ni kufunga pamoja. "Link" ni pete moja ya mnyororo. "Sababu" yetu tuliyoichukua kwa Waarabu, kwao zamani ilikuwa ni kamba, unayoivuta ukafikia kitu. Na sisi tuna "kiungo", ambacho ni goti, ni mlango wa mfupa na mfupa, halafu ndiyo bizari na iliki tunazotia katika pilau. Hilo la pilau sijaliona katika lugha nyingine, na sina haraka ya kulitafuta.

Basi tulikaa mimi na yule binti meza ya jikoni tukaandika upya. Katika kisanduku aliandika "Maternal first cousin". Katika barua ya kuambatisha tukaeleza kwa sentensi fupi fupi kwamba mama zao walikuwa ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, tukataja majina ya hao mama wawili na ya babu, tukaambatisha cheti cha kuzaliwa cha kila mama ili mtu aone kwamba vinakutana, tukasema kwamba wamelelewa nyumba moja tangu utoto na kwamba mgonjwa hana mume wala mtoto. Mwisho tukaweka kwamba anakwenda "for the purpose of" kumuuguza na atarudi matibabu yakimalizika. Neno "sister" halikuwamo hata mara moja, na kila mstari alikuwa ananitazama kama ninamwibia kitu.

Viza ilitoka. Alifika wakati wa duru ya pili ya matibabu. Alinisimulia baadaye kwamba siku ya kwanza aliingia wodini na begi lake, nesi akamuuliza ni nani wa mgonjwa, naye akasimama pale anatafuta lile neno refu tuliloliandika. Mgonjwa akageuza uso kitandani akasema, "My sister." Nesi akaliandika kwenye faili, akaenda kumletea kiti.